Kilomita za Gizani

Taratibu hakuwa mvunja ahadi. Alikuwa mchelewesha ahadi, na alishikilia kwamba ipo tofauti kubwa kati ya watu hao wawili, ingawa mkewe alisema hajawahi kuiona.

Ahadi iliyomtia matatani aliitoa kwa kinywa chake, bila kushikiwa fimbo. Goti lake la kushoto, lile linalotumikia klachi, lilikuwa limevimba kama boga changa. Mkewe alikuwa akilikanda kwa kitambaa cha maji moto, na huku akilikanda akamuuliza swali lake la kila mwaka: teksi hii utaiendesha mpaka lini? Mtu mwingine angejibu kwa kutaja miaka. Taratibu alijibu kidereva.

"Mita ikisoma laki tano, napaki. Ufunguo nampa kitindamimba."

Kitindamimba wao alikuwa binti aliyekwisha pata leseni, naye kazi yake ilikuwa kusambaza mikate madukani kwa pikipiki. Mvua iliponyesha, mikate ilifunikwa nailoni, na yeye aliloa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba gari lingemfaa.

"Laki tano?" mkewe aliuliza.

"Laki tano kamili."

"Nimesikia. Na hili goti limesikia."

Wakati ule mita ilikuwa ndiyo kwanza imevuka laki nne, na laki tano ilikuwa mbali kama uzee ulivyo mbali machoni pa kijana. Lakini kilomita ni kama mchwa: huzioni zikila, unaona tu ukuta umekwisha. Hapa hospitali, pale stendi, kule uwanja wa ndege, na siku moja jioni Taratibu aliketi mezani, akamega mkate, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa mbali, "Leo imesoma laki nne tisini na tatu elfu."

"Imebaki kidogo," mkewe akasema, akamwongeza chai.

Kesho yake mita ikafa.

Alikuwa kwenye foleni, abiria akiwa nyuma anasoma gazeti. Mshale wa mwendo uliinama kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye hotuba. Wa mafuta ukaufuata. Kisha zile namba za kilomita, alizozoea kuziamkia kabla hajamwamkia mtu, zikafifia na kuzimika. Kisanduku chote cha mita mbele ya usukani kikawa cheusi. Injini yenyewe ilinguruma vilevile, haina habari.

Dereva mwingine angekwenda kwa fundi siku ileile. Taratibu alisema leo kazi nyingi. Kesho akasema foleni. Baada ya hapo hakusema tena kitu, kwa maana alikuwa amegundua jambo ambalo hakuliungama hata kwa nafsi yake kwa maneno yaliyonyooka: kwamba gari likienda bila mita, laki tano haiji. Mkewe alipouliza, "Mita inasemaje siku hizi?" alijibu, "Haijasema kitu." Na hapo, kwa hesabu zake, hakuwa amesema uongo.

Mwendo aliukisia kwa sauti ya upepo dirishani. Oili aliibadilisha mwenyewe uani, kama alivyofanya siku zote, na galoni tupu alimpa mkewe, kama alivyofanya siku zote, naye mkewe akaikata mdomo, akaijaza udongo na kuotesha mboga. Mafuta aliyakisia kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu ya mtu aliyepita umri wa kubeba mizigo si kitu cha kupimia mafuta. Asubuhi moja gari lilikohoa, likasimama katikati ya mlima, na ndani yake alikuwamo mkunga anayewahi zamu. Mama wa watu hakufoka. Alishuka, akafunga mlango kwa adabu, akainama dirishani.

"Taratibu," alisema, "leo umelizidi hata jina lako."

Akaupanda mlima kwa miguu, mkoba kichwani. Taratibu alimtazama mpaka alipopotea, na masikio yake yakawa ya moto. Kwa miaka yote ile hajawahi kumshusha abiria njiani. Kutoka pale alitafuta mafuta kwa kidumu, na kutoka kwenye mafuta alikwenda moja kwa moja kwa Fyuzi.

Fyuzi alikuwa fundi wa umeme wa magari, na alikuwa mtoto wa kaka yake mkewe. Jambo hilo la pili lilimfanya Taratibu azunguke kibanda mara mbili kabla ya kuingia. Lakini upande ule wa mji, kwa habari ya mita, hapakuwa na mwingine. Ukutani kwake zilining'inia mita za magari yaliyokufa, macho yao meusi yakitazama mlango. Nyaya zilipangwa kwa rangi kama nguo kwenye duka la mtu nadhifu. Mezani palikuwa na pasi ya kulehemu, kioo cha kukuzia, na kompyuta ambayo vitufe vyake vilikuwa vimefutika herufi, ikabidi mwenyewe aandike kwa kukariri.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Mita imekufa."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

Fyuzi aliivuta mita, akatazama vumbi lililokaa juu ya skrubu zake. Aliifungua kwa bisibisi ndogo kama mswaki wa paka. Ndani, ubao wa nyaya ulikuwa na doa jeusi la kutu na moshi. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umechakaa, maji ya mvua yakawa yanateremka tone kwa tone mpaka ndani. Fyuzi akaelekeza kwa ncha ya kibano kidude kidogo chenye miguu minane, kama buibui aliyekaushwa.

"Hii ndiyo kumbukumbu yake. Kilomita zote zinakaa humu. Ingekuwa nzima, ningeihamisha, na namba ingerudi yenyewe. Lakini imeungua, mzee. Haitasema tena."

Alishusha ukutani mita nyingine, ya gari la aina ileile lililogongwa nyuma na kuuzwa vipande. Akaichomeka. Taratibu akazungusha ufunguo, na hapo taa zikawaka zote, mishale ikaruka mpaka mwisho na kurudi, na chini yake zikatokea namba: laki moja na kumi na sita elfu.

Taratibu alizitazama namba zile kama mtu aliyepewa kwa makosa koti la kijana, akalivaa, na likamkaa. Laki moja na kumi na sita! Kufika laki tano kutoka hapo, angehitaji goti jingine, na huenda maisha mengine.

"Imependeza," alisema. "Iache hivyo hivyo."

"Haiachwi hivyo."

"Inawaka, mishale inakwenda. Inataka nini tena?"

"Hizi ni kilomita za marehemu," Fyuzi akasema. "Mimi siruhusu gari kutoka hapa limevaa kilomita za gari jingine. Utaratibu wangu ni huu: mwenye gari anaketi nyuma ya usukani, anatamka namba ya kweli, mimi naiandika ndani ya hii mita. Halafu nabandika karatasi hapa kwenye nguzo ya mlango: mita ya zamani ilikufa ikiwa ngapi, mpya imeanzia ngapi, tarehe, na sahihi yako. Basi, nitajie. Ilikufa ikiwa ngapi?"

Taratibu akakuna kichwa. Alikikuna vizuri, pande zote.

"Nimesahau."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kwa maana Fyuzi, kwa moyo mweupe kabisa, akatoka nje na simu, akampigia mtu pekee ambaye angeweza kukumbuka kwa niaba ya mzee. Taratibu alisikia tu mwisho wa mazungumzo: "Ndiyo, shangazi, yuko hapa. Hapana, shangazi, mzima. Ni mita tu."

Haukupita muda mrefu, mkewe akatokea. Alikuja kwa miguu, amevaa viatu vya safari, na mikononi amekumbatia galoni ya oili iliyokatwa mdomo, ambamo vitunguu majani vilisimama wima, vya kijani, vyenye afya.

"Shangazi, karibu kiti," Fyuzi akasema.

"Ahsante, mwanangu. Leo nitakaa hiki cha mbele, kama hakina abiria."

Akafungua mlango wa gari, akaketi kando ya mumewe, akapakata galoni yake. Kiti kile kilikuwa cha wateja. Taratibu hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona mkewe pale.

"Hicho nini?" akauliza.

"Vitunguu."

"Naona ni vitunguu. Navyo vimekuja kutengenezewa mita?"

"Vimekuja kutoa ushahidi."

Fyuzi aliweka kompyuta yake juu ya boneti, waya ukapita dirishani mpaka kwenye mita, akaegemea mlango na kukunja mikono. Alikuwa amekwisha fahamu kwamba hili si jambo la kuharakisha.

"Mita ilikufa ikiwa laki nne tisini na tatu elfu," mkewe akaanza. "Nakumbuka kwa sababu ulisema una mkate mdomoni."

"Haya. Tisini na tatu. Nami sasa nimekumbuka. Fyuzi, andika tisini na tatu, twende nyumbani."

"Ngoja, Fyuzi. Hiyo ni siku iliyokufa. Na baada ya kufa, gari lililala? Au ulikuwa unalisukuma?"

Taratibu akapangusa usukani kwa kiganja.

"Oili unabadilisha kila baada ya elfu tano," mkewe akaendelea, kwa sauti ya kumwagilia bustani. "Ya mwisho mita ikiwa hai, ilikuwa laki nne na tisini. Tangu pale umeniletea galoni mbili. Moja ni hii. Nyingine nimeotesha nyanya, imenishinda kubeba. Tisini, ongeza tano, ongeza tano."

"Wewe ulisomea wapi hesabu?"

"Shule ya kukusubiri."

Fyuzi aligeuka upande, akajifanya anapiga chafya.

"Sikiliza," Taratibu akasema, akijikusanya. "Mita ikiwa hai, nilibadilisha kwa mita. Ilipokufa nikawa nabadilisha kwa pua. Navuta kile kijiti, nainusa oili, nikiona imechoka naimwaga. Huenda niliimwaga mapema."

"Nani? Wewe? Mapema?"

"Mtu anaweza kuwa mwangalifu."

"Ulichelewa hata harusi yako mwenyewe."

"Nilikuwa nakagua matairi!"

"Mzee," Fyuzi akaingilia kwa upole, "nahitaji namba."

"Tisini na sita elfu."

"Laki tano na elfu moja," mkewe akasema.

"Tisini na saba, kwa heshima yako."

"Laki tano na moja, kwa heshima ya vitunguu."

"Jamani," Fyuzi akasema, "katika kibanda hiki nimeona kila aina ya watu. Wanakuja kunibembeleza nishushe, nawafukuza. Mmoja alinililia kabisa. Lakini mke na mume kugombania kupandisha na kushusha ndani ya gari moja, hii leo ndiyo nimeiona. Na mnajua wahenga walisema nini kuhusu njia ya mwongo."

"Ni fupi," shangazi yake akamalizia, akimtazama mumewe na si Fyuzi.

Jirani, makanika alikuwa akigonga chuma, akaacha. Mkewe akageuza galoni mapajani, akaondoa jani lililonyauka.

"Kama hutaki kutoa ufunguo," alisema polepole, "sema hutaki. Nitagomba, nitanyamaza, maisha yataendelea. Lakini usinifiche nyuma ya kitaa kilichozimika."

Taratibu aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Ngozi ya usukani ilikuwa imelika pale viganja vyake vilipokaa, na viganja vyake navyo vilikuwa vimelika palepale.

"Nikipaki," alisema, "kesho asubuhi nitaamka niwe nani? Sasa hivi nikitoka, kuna mtu ananingoja. Mkunga ananingoja. Yule mzee wa figo, ninayempeleka hospitali, ananingoja. Mtu akikungoja, basi upo."

"Hata mimi nilikuwa nakungoja," mkewe akasema. "Ila mimi sikupunga mkono barabarani."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja mahali alipoweka chumvi. Likamtoka Taratibu neno ambalo hata yeye hakujua kwamba lilikuwa limekaa karibu hivyo.

"Na nilitaka kuziona zikigeuka. Zile tisa, zote tano zimejipanga, halafu kwa mpigo mmoja zinakuwa sifuri. Nilikuwa nimepanga siku hiyo sibebi mtu. Nikuchukue wewe, ukae hapo ulipokaa, twende polepole mpaka zigeuke. Mita ikafa, nikaogopa. Nikasema, bado. Nikawa nasema bado kila siku."

Mkewe alitazama mbele, kwenye kioo, kama kwamba kulikuwa na barabara na si ukuta wa kibanda.

Fyuzi alikuwa na moyo wa nyama, na shangazi yake alikuwa amemlea miaka miwili mama yake alipougua. Akasogea dirishani.

"Hilo ni dogo," alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu wa kufichwa. "Naandika laki nne tisini na tisa elfu, mia tisa tisini. Mnatoka hapa, mnazunguka mpaka soko na kurudi, mnaziona zikigeuka, mko wawili. Nani ataumia? Wewe tamka tu, mzee. Mwenye gari akitamka, mimi naandika."

Taratibu alimtazama mkewe. Alitegemea atakataa, maana akikataa yeye ni rahisi, mtu ananung'unika tu na kutii. Lakini mkewe alikuwa amelaza kiganja juu ya vitunguu, na uso wake ulikuwa umelainika. Aliutaka huo mzunguko wa sokoni. Uamuzi alimwachia mumewe.

Na kwa nini isiwe hivyo? Ahadi ingetimia. Ufunguo ungetoka. Kilomita chache za kupunguza, nani angezilia?

Fyuzi, huku akingoja, aliuliza swali ambalo humuuliza kila mtu, kwa mazoea tu, kama karani anavyouliza jina la pili.

"Kabla sijaandika. Mkanda wa taimingi uliubadilisha ikiwa ngapi?"

"Laki nne na elfu tano," Taratibu akajibu. Hilo halikumhitaji kukuna kichwa.

"Na mkanda wa injini hii unaishi laki moja. Basi dada, kitindamimba wenu, nitamwambia akianza kazi, aupeleke kubadilishwa akimaliza hizi elfu tano zilizobaki, asisahau."

Fyuzi hakukusudia kitu. Lakini Taratibu alilirudia kimoyomoyo lile neno "zilizobaki". Mkanda wa taimingi aliujua. Ni mpira wenye meno, umejificha ndani ya kifuniko, unazungusha viungo vya injini kwa mpangilio. Hautoi sauti ukichoka. Haukohoi kama mafuta yakiisha. Siku yake ikifika unakatika, na gari linafia pale lilipo, iwe mlimani, iwe mbele ya lori. Hakuna kijiti cha kuuvuta na kuunusa. Mtu anaujua kwa namba tu.

Na namba ndiyo hii anayoombwa kuitamka.

Akamwona kitindamimba wake ndani ya kiti hiki, alfajiri, mikate imejaa nyuma, akitupia jicho mita na kuiamini, kwa sababu baba yake ndiye aliyeitia sahihi. Binti huyo aliamini karatasi zenye sahihi ya baba yake tangu za shule ya msingi.

Hapo Taratibu akaanza kuhesabu upya, safari hii bila kujionea huruma. Pua yake haikuwahi kumwaga oili mapema. Kila jambo katika miezi ile alikuwa akilivuta mbele, hata oili. Ya kwanza aliivuta mpaka ikawa nyeusi. Ya pili ilitoka imeganda kama lami, akaiona, akaona haya, akaifukia haraka. Na tangu hapo amekwenda uwanja wa ndege mara nyingi kuliko alivyokwenda kitandani mapema.

"Laki tano na elfu sita," alisema.

Mkewe akageuka. "Mimi nilisema moja."

"Nimekusikia. Vitunguu vyako havijui yote. Fyuzi, andika laki tano na elfu sita. Na kama ningekuwa mkali zaidi na nafsi yangu ningesema saba."

"Una hakika, mzee? Nikishaandika, hii mita hairudi nyuma kwangu mimi."

"Andika, kijana, kabla sijapata akili nyingine."

Fyuzi akaandika kwa vile vitufe visivyo na herufi. Mita ikazimika, ikawaka, na namba ya marehemu ikawa haipo. Mahali pake palikaa laki tano na elfu sita, imetulia, kama kwamba ilikuwapo siku zote. Taratibu akatia sahihi kwenye karatasi, mwandiko wake mzuri wa kulalia upande, na Fyuzi akaibandika kwenye nguzo ya mlango, akaisugua kwa kidole gumba mpaka viputo vya hewa vikaisha.

Kisha mzee akauchomoa ufunguo na kumkabidhi Fyuzi.

"Gari halitoki hapa leo. Mwambie huyo makanika wa jirani afungue taimingi. Mimi siendeshi tena juu ya mkanda huo, hata mpaka kona."

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba vitunguu. Hakuwa amezoea kupita njia ile akiwa mdogo hivyo; kuta zilikuwa ndefu, na mbwa wa watu walimtazama machoni. Mkewe alipunguza mwendo ili goti lipate nafasi.

"Unadhani ziligeukia wapi?" akamuuliza.

"Sifuri?"

"Ndiyo."

Taratibu akafikiri. "Labda ule mteremko wa kiwanda cha viatu. Au nilikuwa nimempakia yule mama wa mapazia, anayesema njia nzima. Ziligeuka gizani, yeye anasimulia habari za shemeji yake."

Mkewe akacheka mpaka akasimama. "Basi angalau walikuwapo watu wawili."

Kesho yake alasiri walikwenda kulichukua gari, watatu, kitindamimba akiwa ameacha pikipiki nyumbani. Makanika wa jirani aliwaonyesha mkanda uliotoka. Aliukunja kinyume, na mgongoni mwake zikafunguka nyufa, ndogo ndogo, nyingi, kama za kisigino wakati wa kiangazi. Meno mawili yalikuwa yameanza kuacha shina. Hakusema ungekatika lini. Aliupima tu kwa mkono, akatikisa kichwa, akautupa kwenye pipa. Mama mtu alishika bega la binti yake, akaliachia.

Taratibu akapokea ufunguo kutoka kwa Fyuzi. Alikuwa ametunga maneno machache usiku, yenye kichwa na miguu, lakini binti alikuwa amekwisha nyoosha mkono, na maneno yakampotea.

"Gia ya pili ina ukorofi," alisema. "Ibembeleze."

"Najua, baba. Ulinifundishia gari hilihili."

Akaketi nyuma ya usukani, na miguu yake haikufika vizuri. Akavuta leva ya chini ili asogeze kiti mbele. Kiti hakikutikisika. Tangu gari lile liwe lao, kiti kile hakikuwahi kusogezwa, na reli yake ilikuwa imeshikana na kutu na makombo ya miaka. Fyuzi akaleta oili ya kunyunyiza. Makanika akasukuma kwa nyuma. Taratibu mwenyewe akapiga goti zima chini, akaingiza mkono mpaka kwenye bega, akatoa kalamu, kifungo cha koti, na njugu moja, na mwishowe kiti kikatoa mlio wa kuumia, kikasogea. Binti akajiweka sawa. Akarekebisha kioo cha kuangalia nyuma, kisha cha pembeni, kisha akarudia kile cha kwanza, bila haraka. Baba yake hakupata la kumkosoa, na alilitafuta.

Mama akakaa mbele. Taratibu akafungua mlango wa nyuma, akaingia kwa kuinama, akagundua kwamba kule nyuma kulikuwa na mahali pa kunyoosha mguu ambapo hakuwahi kupajua. Njia nzima hakusema kitu, isipokuwa mara moja kwenye mzunguko, alipovuta hewa kwa meno.

"Nimeliona lori, baba."

"Sijasema kitu."

"Umevuta hewa."

Walipofika nyumbani, injini ilizimika, wale wawili wakashuka. Taratibu akavuta mkono wa mlango. Mlango haukuitika. Akavuta tena. Hapo akakumbuka kile kikufuli kidogo ukingoni mwa mlango, ambacho yeye mwenyewe alikifunga zamani ili watoto wa wateja wasifungue gari likiwa mwendoni. Akaketi. Dirishani aliona ukuta wa nyumba yake, ambao kwa kweli ulihitaji rangi. Mkewe alikuwa amekwisha fika kizingitini alipogeuka, akarudi, akamfungulia.

"Umelala humo?"

"Mlango wenu haufunguki kwa ndani."

"Si ni wewe uliyeufunga?"

"Ndiyo maana najua haufunguki."

Alishuka kwa mguu mzima kwanza, kisha ule wa klachi, akanyoosha mgongo. Akazunguka kwenda nyuma ya gari kukagua matairi, kama afanyavyo kila likisimama. Akamkuta binti yake amechuchumaa palepale, anaupitisha mkono juu ya tairi la nyuma, anasikiliza kwa vidole. Taratibu akangoja amalize, kisha akaingia ndani.